Anza na jina la mwandishi: kwa mkutubi mpya wa metadata

Ukiajiriwa kushughulikia metadata, yaani taarifa zinazoeleza kazi kama mwandishi, mwaka na mada, katika maktaba ya chuo kikuu, iwe Maseno, Njoro, Kakamega au Bondo, usianze na vitabu. Kitabu kilichonunuliwa dukani mara nyingi kina rekodi tayari kwenye maktaba nyingine: unaandika ISBN, namba ya kitabu, ndani ya Koha, programu ya katalogi ya maktaba, unavuta rekodi kwa Z39.50, njia ya maktaba kubadilishana rekodi, unakagua, basi. Tasnifu za wanafunzi wenu ndizo hazina rekodi popote duniani. Ukiikosea moja, hakuna maktaba nyingine itakayokusahihishia.

Na kosa kubwa huwa kwenye jina. Chukua jina la mfano: jalada linasema Otieno Peter Ouma, orodha ya usajili inasema Peter Ouma Otieno, makala ya jarida inasema P. O. Ouma. Kwa kompyuta hao ni watu watatu. Usikisie lipi ni la ukoo, maana kwetu hata ndugu wa tumbo moja huenda wasishiriki jina la mwisho. Weka kwenye fomu ya kuwasilisha tasnifu visanduku viwili, jina la ukoo na majina mengine, pamoja na nafasi ya ORCID, namba ya kumtambulisha mtafiti yenye tarakimu 16. Mwenye jina ndiye anayeamua. Wewe unaandika jina la ukoo, mkato, kisha mengine, na hubadilishi tena.

Viunganishi vya majina vina kanuni zake. Daniel arap Moi huorodheshwa chini ya Moi, lakini Ngũgĩ wa Thiong'o hakatwi: Maktaba ya Congress ya Marekani humweka chini ya Ngũgĩ. Vitabu vyake vya miaka ya 1960 vilitoka kwa jina la James Ngugi, kwa hiyo rekodi ya jina sanifu huwa na umbo lililokubaliwa kwenye sehemu ya 100 ya MARC, muundo wa rekodi za maktaba, na majina mengine kwenye 400. Fanya hivyo hivyo kwa mhadhiri aliyebadilisha jina baada ya kuolewa.

Kisha kuna ritifaa, ambayo huku magharibi mwa Kenya haiepukiki: Achieng', Ng'eno, Nyong'o. Kibodi hutoa alama iliyonyooka, yenye namba ya Unicode U+0027. Word huigeuza kuwa iliyopinda, U+2019. Wengine hubonyeza kitufe cha pembeni na kupata U+0060. Kwa macho zinafanana, lakini katika utafutaji zinaweza kutenganisha kazi za mtu mmoja. Mimi ningechagua U+0027, kwa sababu ndiyo msomaji anayoipata moja kwa moja kwenye kibodi.

Kusafisha majina yaliyokwisha kuingia DSpace, programu ya hifadhi ya kidijitali ya tasnifu, toa metadata ya mkusanyo mmoja kama faili ya CSV, yaani jedwali la maandishi matupu, na uhifadhi nakala isiyoguswa. Usiifungue kwa kubofya mara mbili ikafunguka kwa Excel, kwani inaweza kuisoma vibaya na Ng’eno akawa Ngâ€™eno. LibreOffice hukuuliza kwanza usimbaji, yaani jinsi herufi zilivyohifadhiwa, chagua UTF-8. Afadhali zaidi, tumia OpenRefine, programu ya bure ya kusafisha data. Tenganisha visanduku vyenye waandishi wengi kwa alama ||, badilisha ritifaa zote ziwe moja, kisha endesha klasta, yaani kukusanya majina yanayofanana katika makundi, kwa mbinu ya fingaprinti (fingerprint). Mbinu hiyo huondoa alama za uandishi na kupanga maneno kialfabeti, ndiyo maana inayakamata majina yetu yaliyogeuzwa mpangilio. Kila kundi lisome mwenyewe kabla ya kuunganisha, kwa sababu kuna watu wawili tofauti wenye majina matatu yale yale. Idara na mwaka vitakuambia. Ukimaliza, unganisha tena visanduku kwa ||.

Kabla ya kurudisha faili, futa kila safu ambayo hukuigusa, ila safu ya id, utambulisho wa kila rekodi, ambayo hairuhusiwi kubadilika hata herufi moja. Hapa watu huumia: safu isiyokuwepo haiathiriwi, lakini safu iliyopo yenye kisanduku kitupu humaanisha futa. Muhtasari wa tasnifu nzima unaweza kupotea hivyo. Rudisha rekodi kumi kwanza, soma orodha ya mabadiliko ambayo DSpace hukuonyesha, ndipo uendelee.

Majina ya vyuo usiyafanye ya kisasa. Tasnifu iliyotolewa na Chuo cha Bondo kabla ya 2013 ibaki Bondo. Unganisha na jina la sasa la chuo hicho, Jaramogi Oginga Odinga, kwa rejea. Mahali ni vivyo hivyo: kazi ya zamani itasema Mkoa wa Nyanza, na msomaji wa leo atatafuta Kaunti ya Kisumu. Weka vyote viwili.

Lugha nayo husahaulika, kwa sababu kiolezo cha Koha huja na eng. Kiswahili ni swa, nafasi ya 35 hadi 37 katika sehemu ya 008 ya MARC. Katika DSpace, tumia msimbo wa herufi mbili, sw. Dholuo haina msimbo wa herufi mbili, kwa hiyo ni luo kote.

Mada sanifu za Maktaba ya Congress huandika Luyia, huku wanafunzi wetu wakiandika Luhya. Acha la kwanza kwenye 650, sehemu ya mada sanifu, ongeza la pili kwenye 653, sehemu ya maneno huru, halafu chukua simu isiyounganishwa na mtandao wa chuo, utafute kwa yote mawili kama msomaji wa nje.