Jibu: Kijana kwenye hadithi anajitambuaje bila kuhutubia?

Ndugu umeuliza mbona mhusika wako wa miaka 15 akifika mwisho wa hadithi anaanza kuongea kama mshauri nasaha. Mimi naona shida ni kwamba umemsubirisha mpaka mwisho ndo ajijue, wakati kijana anajijua kidogo kidogo, tena mara nyingi kupitia kitu anachokikataa kabla hata hajajua anataka nini. Mcheki Jane Eyre wa Charlotte Brontë, kitabu cha 1847 ila hiyo sehemu hadi leo inanishika. Katoto ka miaka 10, shangazi yake kamsema mbele ya mgeni kuwa ni mwongo, mgeni akiondoka Jane anamwambia shangazi usoni kwamba ningekuwa mwongo ningesema nakupenda, lakini sikupendi. Anasema hivyo huku mwili mzima unatetemeka!! Halafu cha kuangalia hasa ni kinachofuata, furaha haidumu hata nusu saa, anabaki peke yake anajuta. Hapo hakuna hotuba ila umeshamjua ni nani.

Na sio lazima afaulu. Rosa wa Kezilahabi kwenye riwaya ya Rosa Mistika kabanwa mno na baba yake, alipopata uhuru wake hakujua aushikeje, na bado namwelewa na kumuonea huruma kuliko wale wanaojitambua kirahisi.

Kwa hiyo wako mpe "hapana" moja mapema, aiseme vibaya, imgharimu kitu anachokipenda, alafu hiyo aya ya mwisho futa yote.