Kabla hujachora ukuta: kwa wanaoanza kubuni miji ya biashara

Haya nyinyi mnaoanza kubuni miji, iwe ya hadithi, ya katuni ama ya gemu, karibuni sana, na nawaandikia nikiwa hapa Amu, yaani Lamu, kwa hivyo mifano yangu mingi ni ya Lamu na jirani zake, msinilaumu. Ramani nyingi ninazoonyeshwa na vijana zinafanana kwa jambo moja, kitu cha kwanza kuchorwa ni ukuta. Ukuta wa duara, minara kila pembe, lango la chuma, katikati kasri la mfalme, afu soko limebandikwa kando pale nafasi ilipobaki. Sasa hiyo ni kambi ya jeshi yenye duka. Mji wa biashara unaanza na vitu ambavyo hakuna mfalme aliyeviamua, upepo unavuma wapi na miezi gani, maji yanajaa na kupwa vipi, kisima ni cha maji matamu ama ya chumvi, na mti mrefu kabisa mnaoweza kupata wa kuezekea dari una kimo gani. Mimi naviita vikomo. Viandike hivyo kwanza kwenye karatasi, hata kama ni mistari minne tu, ndio ushike penseli ya ramani.

Upepo ndio unaosahaulika sana. Kaskazi inavuma tangu Novemba au Disemba hivi mpaka Machi, inaleta vyombo kutoka Arabuni, Ghuba na Bara Hindi, kisha kusi inaingia kama Aprili na vyombo vinarudi nayo. Hilo kila mtu kalisoma shule, lakini wachache wanakaa wakajiuliza mji unafanywa nini na jambo hilo. Nahodha akishatia nanga hawezi kuondoka kesho kwa sababu kaudhika, lazima angoje upepo ugeuke, sasa hiyo miezi analala wapi, anakula kwa nani, mzigo wake uko ghala la nani, akiumwa nani anamuuguza, na akitaka kuoa je? Ukijibu maswali hayo ushapata nusu ya mji wako bila kuchora nyumba hata moja. Utapata mwenyeji anayemchukua mgeni yuleyule kila mwaka, utapata mikopo inayolipwa msimu ujao, watoto wa mama wa hapa na baba wa kule, lugha iliyochanganyika, na utapata mji wenye msimu wa kujaa na msimu wa kupwaya. Vijana wanaandika bandari yenye shughuli ileile mwaka mzima, wallahi hakuna bandari ya matanga namna hiyo. Weka wazi kwenye hadithi yako ni mwezi gani, bei ya kila kitu itajulikana hapohapo.

Afu jiulize mna nini ambacho wenzenu hawana. Huku jibu moja ni boriti za mikoko. Arabuni na Ghuba miti ya kujengea ni shida, kwa hivyo kwa karne nyingi majahazi yalijaza boriti hapa yakaenda kuezeka nyumba za watu wa mbali, wao wakaleta tende, vitambaa na vyombo. Pembe za ndovu nazo zilikuwepo na zinapendeza kwenye hadithi, lakini boriti inafunza zaidi, manake ni kitu cha kawaida kabisa, ukikiona ufukweni hukigeukii mara mbili, na bado kimelisha miji. Dhahabu na vito waachieni wengine.

Na boriti hiyohiyo ndio fundi mkuu wa nyumba, hapa nitakaa kidogo. Boriti ya kubeba dari inakupa upana wa kama mita 2 na nusu hadi 3 hivi, ikizidi hapo inalegea kwa sababu juu yake kuna mawe na chokaa, na uzito wake si mchezo. Kwa hivyo chumba cha nyumba ya mawe ya Amu, zile za karne ya 18, kinaweza kurefuka utakavyo lakini hakitanuki. Tajiri akitaka nafasi haongezi upana, anaongeza chumba kingine nyuma ya kile cha kwanza. Ndio unakuta mpangilio ule, unaingia kwenye daka, kibaraza cha mlangoni, unapita tekani, ukumbi mdogo ambao umepinda makusudi ili aliye njiani asione ndani, unatokea kiwanda, yaani ua wa ndani ulio wazi juu, afu msana wa kwanza, msana wa pili, vyumba virefu vya kukaa, kisha chumba kiitwacho ndani, chumba nyuma ya chumba, na mwanga wote unatoka kiwanda kwa hivyo kila ukienda nyuma kunazidi kuwa na giza na kunazidi kuwa kwa watu wa nyumba tu. Huko mwisho kabisa ndiko ukuta unapowekwa zidaka, safu kwa safu za vishubaka vya chokaa iliyochongwa, vyenye sahani na bakuli, na weupe wake unavuta mwanga kidogo uliobaki. Mgeni wa biashara yeye ana sabule yake, chumba cha wageni, anaifikia bila kukanyaga misana ya wenyewe. Ona sasa, heshima ya familia, mapambo, mgeni analala wapi, vyote vimeshikana na urefu wa mti mmoja wa kwenye matope.

Kuta ni za mawe ya matumbawe, nene kama nusu mita, na mawe mengi ya Amu yamekatwa kisiwa cha Manda pale Maweni yakavushwa kwa mashua. Chokaa nayo inachomwa, unapanga magogo, juu yake vipande vya matumbawe, unawasha, na moshi wake unaonekana mbali, kisha inamwagiwa maji na kuachwa ipoe muda mrefu kabla fundi hajaikubali. Nawaambia hayo kwa sababu mji wenu unahitaji mahali pa kukata mawe na mahali pa kuchoma chokaa, na kuni za kuchomea zinatoka wapi? Mji wa mawe meupe ulio katikati ya jangwa lisilo na kijiti, sawa ni fantasi, ila nieleze kuni.

Ukipata nafasi ingia ile nyumba ya makumbusho iliyoko Mkomani, mtaa wa hapa Amu, uende moja kwa moja kwenye birika la maji. Chini ya birika kumejengewa bakuli la Kichina, limezama kwenye chokaa, na birika lilikuwa linawekwa samaki wadogo wa kula viluwiluwi vya mbu. Maji yakiisha samaki wanabaki kwenye bakuli hawafi. Mimi napenda kitu hicho kuliko milango yote ya nakshi, na milango ya nakshi naipenda. Bakuli limevuka bahari mbili, lingeweza kukaa kidakani likasifiwa na wageni, lakini mwenye nyumba kalizika birikani kwa ajili ya samaki wa kula mbu. Kitu kimoja cha namna hiyo kwenye hadithi yako kitamwambia msomaji mji huu ni tajiri kiasi gani kuliko ukurasa mzima wa kuhesabu majumba.

Njia za mji ziwe nyembamba, punda wawili wapishane kwa taabu, kivuli kipatikane. Na juu ya njia kuna wikio, chumba kinachovuka kutoka nyumba hii hadi ile, ambamo wanawake wa jamaa moja walipita kutembeleana bila kushuka barabarani. Mnaopenda majasusi na wezi mnaniuliza mtu atavukaje mji bila kuonekana, jibu liko hapo, lakini kumbuka anapita ndani kwa mama wa watu.

Sasa ulinzi, najua ndio mlioungojea. Ngome bora ya mji wa bandari mara nyingi ni maji yenyewe. Mwanzoni mwa miaka ya 1810 Mazrui, watawala wa Mombasa, wakiwa pamoja na watu wa kisiwa cha Pate walishuka Shela, kijiji jirani na Amu, kuja kuipiga Amu, wakapigwa wao, wakarudi mbio ufukweni na kukuta maji yamekupwa, vyombo vimekaa mchangani, wakauawa wengi. Ngome ya Amu wakati huo haijamalizwa. Nenda Siyu kisiwa cha Pate, kuingia kwake ni mkondo mwembamba kati ya mikoko, bila maji kujaa chombo hakipiti, na miaka ya 1840 Seyyid Said wa Oman mwenye merikebu zake alituma jeshi huko likashindwa. Kwa hivyo kabla ya kuweka mizinga, andika ratiba ya maji kujaa na kupwa, na nani anaijua kichwani na nani hajui.

Ngome ya Amu ilikamilika 1821, na hapa ndipo wanaoanza wanapopitwa na jambo. Imemalizika baada ya vita, Amu ikiwa imeshashinda, tena kwa msaada wa huyohuyo Seyyid Said, maana Amu walijua Mombasa haitanyamaza wakaenda kutafuta mkubwa wa kuwakinga. Mkubwa akikukinga hatoki tena. Analeta liwali wake, yaani gavana, askari wake, na mizinga inaweza kuelekezwa baharini ama mjini kutegemea siku. Ngome yako basi iulizwe, nani kalipa, nani anashika funguo, inamtisha nani? Baadaye ile ya Amu ikawa jela, tangu 1910 mpaka 1984. Na ilijengwa karibu na maji kabisa, ila karne ya 19 watu wakajaza ufuo na kujenga mbele yake, leo imerudi nyuma iko kwenye uwanja wa soko. Napenda sana ramani inayoonyesha ngome iliyopoteza bahari yake, msomaji anajua mara moja kwamba mji umekua.

Kuta zipo, sizikatai. Gede karibu na Malindi ina kuta mbili, ya nje na ya ndani, na ya ndani imewazunguka wenye nyumba za mawe huku wa nyumba za udongo wakibaki nje yake. Ukuta huo unalinda dhidi ya adui ama dhidi ya jirani? Takwa pale Manda nayo ilikuwa na ukuta, na ukuta haukuisaidia, watu walihama. Maji ya chumvi kisimani yanatajwa na ugomvi na Pate unatajwa, wenyewe wakavuka mlango wa bahari wakakaa Shela, na watu wa Shela mpaka leo wanarudi Takwa kuomba dua ya mvua. Kuweni na mji mmoja uliokufa karibu na mji wenu, na watu wanaoutembelea bado.

Historia ya mji msiiandike kama orodha ya wafalme, inachosha. Andika kwa matabaka. Shanga, kisiwa cha Pate, wachimbuaji walikuta msikiti wa mawe na chini yake misikiti mingine, ya chini kabisa ya miti, ya karne ya 8, mahali palepale. Na andika kwa ugomvi wa jirani. Malindi ilimpokea Vasco da Gama mwaka 1498 ikampa rubani wa kumvusha mpaka Bara Hindi, na sababu kubwa ni uhasama na Mombasa, adui wa adui yangu. Sawa, wakafaidi, lakini Wareno walipoishika Mombasa wakaanza Fort Jesus 1593 na makao yao yakahamia huko, Malindi ikabaki inapungua. Mkataba wa kirafiki uliokuja kuula mji, hicho ni kisa cha vitabu vitatu. Hata ndani ya mji mmoja kuwe na pande mbili, Amu kulikuwa na Zena na Suudi na mambo ya utawala yalivutwa huku na huku.

Na jamani, msijenge majumba meupe mkasahau mikono. Nyumba zile na mashamba ya bara yaliyozilisha yalibebwa na watumwa, utumwa pwani hii ulifutwa kisheria 1907 tu. Mji wako ukiwa na zidaka lakini hauna anayepangusa sahani, msomaji wa huku atajua umeruka kitu.

Mwisho uchawi, kwa sababu ni fantasi. Ushauri wangu, uchawi uguse kikomo kimoja tu na uufuate mpaka mwisho. Mji wangu mimi unaitwa Mwazaga, na kule kuna watu wanaouimbia mkoko ukarefuka. Basi boriti zinafika mita 10, vyumba vikatanuka, watu wakaweza kukaa jamaa nzima chumba kimoja, na faragha sasa inatafutwa kwa mapazia kwa hivyo wauza vitambaa wakatajirika. Meli za mbali zinakuja kununua milingoti. Ngome haiko bandarini, iko mikokoni, na adui hana haja ya kuvunja kuta, anaiba mwimbaji mmoja usiku. Koo za zamani bado zinaishi vyumba vyembamba vya kabla ya kuimba na zinaringa navyo, mtu wa chumba kipana hawamuozi binti. Sasa hivi nimekwama kwenye msimu wa kusi, wageni wameondoka, hakuna wa kununua milingoti, na waimbaji lazima walishwe na mtu, nabishana na nafsi yangu kama ni liwali anayewalisha ama ni wauza mapazia.