Maneno ya Kiingereza Yanayoishia kwa "-less": Usiyakariri, Yafukue

Juma lililopita msomaji mmoja anayejiandaa kwa usaili wa kazi ya kutafsiri aliniuliza namna ya kukariri maneno ya Kiingereza kama "ruthless", "reckless" na "listless". Nilimjibu kwamba asiyakariri, na nasema hivyo kwa uhakika wa mtu ambaye tafsiri yake imepokewa mwezi huu na mchapishaji bila kurudishiwa ukurasa hata mmoja.

Nilipoanza kazi hii, msimamizi wangu alinikemea mbele ya wenzangu kwamba kufukua asili ya maneno ni kupoteza muda wa ofisi. Kauli hiyo ingali inaniuma, kwa kuwa ufukuaji huo ndio ulionifikisha hapa.

Anza na kiambishi chenyewe. Wengi hudhani kwamba ni lile neno "less" lenye maana ya "pungufu", kumbe kinatokana na "lēas" ya Kiingereza cha Kale, yaani "bila", nacho ni ndugu wa "-los" ya Kijerumani na wa neno "loose", kilicholegea. Kwa hiyo "fearless" ni mtu asiye na hofu kabisa, na mfasiri anayeandika "mwenye woga mdogo" amempokonya shujaa ushujaa wake.

Kisha tafuta shina, hata kama limekwisha kufa. "Ruth" lilikuwa huruma, wala halihusiani na Ruthu wa Biblia. "Reck" ni kujali. "List" iliyomo katika "listless" ni hamu, tena ni ndugu wa "lust". Na "hap" ya "hapless" ni bahati, ambayo ndiyo iliyozaa pia "happy". "Feckless" lilitoka Uskoti, ambako "feck" ni ufupisho wa "effect". Waingereza wengi huyatamka maneno haya bila kukumbuka mashina yake, basi wewe unayeyajua usijione mnyonge mbele yao.

Jihadhari na "priceless", ambayo husifu kitu chenye thamani isiyokadirika, ilhali "worthless" ni kisichofaa lolote.

Ukishalijua shina, usikimbilie "asiye na" kila mara, maana huo ni uvivu ambao wafasiri wetu wameuzoea mno. "Ruthless" ni katili, "hapless" ni mwenye mkosi, "listless" ni mnyong'onyevu. Na "tireless", iliyojengwa juu ya kitenzi, yatosha kuwa asiyechoka.