Majina mengi ya Wajerumani

Ndugu, umeuliza kwa nini Mjerumani huitwa Deutscher kwao, Allemand Ufaransa na Niemiec Poland. Usiyatafutie mzizi mmoja, kwa maana kila jirani alikuwa na lake. Wafaransa walichukua jina la kabila la Alemanni, Wafini la Wasaksoni: Saksa. La Kipolandi lina undugu na niemy, bubu, yaani mtu ambaye maneno yake huyaelewi.

Linalonigusa ni Deutsch. Limetokana na neno la kale la “watu”, na mwanzoni lilitaja lugha ya wananchi, si Kilatini cha makasisi. Mwaka 786, maazimio ya kanisa huko Uingereza yalisomwa kwa Kilatini na “theodisce”, yaani kwa lugha ya wananchi, ili wote waelewe. Hata “Mdachi”, neno ambalo babu zetu walimwitia Mjerumani, ni la ukoo huo.