Jibu: Kwa nini kamera ya gama wakati Geiger ipo?
Mkuu, umeuliza kwa nini watu wahangaike na kamera ya gama wakati kipimo cha Geiger, kile kifaa cha kupima mionzi ya nyuklia, kipo. Geiger inakwambia mionzi ipo na ni mikali kiasi gani, basi. Kamera inakuonyesha inatokea wapi: doa la rangi juu ya picha ya kawaida ya chumba.

Shida ni kwamba lenzi haikusanyi miale ya gama, yaani mionzi yenye nishati kubwa sana. Kwa hiyo kamera nyingine huwekewa bamba la tungsteni lenye matundu mbele ya kitambuzi. Kutokana na mahali kivuli chake kinapoangukia, kompyuta inakokotoa chanzo kiko upande gani. Nishati nayo inasomwa: ukiona keV 662 (keV ni kizio cha nishati), hiyo ni seziamu-137, aina ya metali inayotoa mionzi, huna haja ya kubahatisha.

Ila chanzo kikifunikwa kwa madini ya risasi mazito, picha inafifia. Na umbali ukiongezeka mara mbili, unapokea robo tu ya mionzi. Kile kidonge cha seziamu cha milimita 8 kilichopotea barabarani Australia Magharibi mwaka 2023 kilinaswa na gari lenye vitambuzi, likikimbia kilomita 70 kwa saa. Kwa barabara ndefu vile, binafsi ningeanza na gari. Kamera ningeiweka kwa majengo na makontena.