Ukiandika koo za viumbe wa sayari nyingine, anza na ardhi wanayokanyaga

Skripti yangu ya filamu fupi imepita mchujo, na tangu niliposti inboksi imejaa, karibu wote mnauliza zile koo mbili za viumbe nilizitoa wapi. Jamani, nilizitoa barabarani, kati ya Mbeya na Kyela.

Panda Kosta ukae dirishani. Uyole watu wamejikunyata kwenye makoti, Isyonje ukungu, Tukuyu migomba na chai na mvua isiyokata, alafu gari linaanza kushuka na wewe unaanza kuvua sweta, ukifika Kyela ni joto, mpunga na kokoa. Sogea mpaka Matema, kando ya Ziwa Nyasa, uwaone wamama walioanika usipa mchangani, mkono unageuza samaki, macho yapo juu kwenye mawingu, maana ikinyesha kabla haujakauka mzigo umeharibika. Yaani mvua ileile ambayo mwenye migomba kule juu anaiombea, huyu wa ziwani anaiogopa. Mimi hapo tayari nina koo mbili, na ugomvi wao tayari ninao.

James Cameron kwenye filamu zake za Avatar kafanya hivyohivyo. Ya 2009 ukoo wa Omatikaya ni wa msituni, wembamba, wepesi wa kuruka matawi. Ya 2022 wakaja Metkayina wa baharini, ngozi ya feruzi, mikono ina mapezi na mikia minene kama makasia, na wale watoto wa msituni walipofika huko wakachekwa mikia yao. Ya 2025 ndo imenigusa zaidi, ukoo wa Mangkwan, volkano iliteketeza makazi yao wakamkataa kabisa Eywa, mungu wa koo zile. Umeona? Ardhi imefika mpaka kwenye imani. Na mlima Rungwe nao ni volkano, ila sisi udongo wake ndo unatulisha ndizi, kwaiyo jiulize ukoo wako unaishi mwaka wa mlipuko au miaka elfu baadae, hao ni watu wawili tofauti kabisa.

Kuna mtu kwenye semina fulani aliniambia mbele za watu kwamba stori za sayari sio za watu wa mkoani, niandike uchawi na mirathi. Iliniuma, na mpaka leo inaniuma. Vijana wenzangu wa Nyanda za Juu Kusini msikubali kuambiwa hivyo, Kitulo kuna baridi ya kuunguza majani na Usangu kuna vumbi la ng'ombe, unataka sayari gani tena? Anza na ardhi. Wanakula nini, wanaogopa nini, nini kikikosekana wanakufa, rangi ya ngozi na masikio marefu weka mwishoni kabisa.

Mnaotaka niwasomee kazi zenu, tumeni ukurasa mmoja tu unaoeleza ukoo wako unapata wapi maji na nani anawazuia wasiyapate, michoro ya sura zao tutaiangalia baadae.