Nafasi haikutangazwa, mwenzangu kapandishwa cheo

SWALI: Mimi ni afisa mikopo katika taasisi ya fedha hapa Moshi, mwaka wa tano sasa. Usimamizi wa mikopo kapewa mgeni wa mwaka mmoja, anayetoka kijiji kimoja na meneja. Nafasi haikutangazwa. Mimi niliachiwa mikopo chechefu, yaani isiyolipwa kwa wakati, ya afisa aliyeondoka, alama zangu za utendaji zikaporomoka. Vikao huanza saa kumi na mbili jioni, na asiyefikia lengo husemwa kwenye kundi la WhatsApp. Niache kazi?

JIBU: Usiache bado, ndugu yetu. Barua ya kujiuzulu iliyoandikwa kwa hasira ndiyo mwajiri atakayoitoa mbele ya msuluhishi.

Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 haimzuii meneja kuchagua vibaya. Kifungu cha 7 kinakataza ubaguzi, hata katika kupandisha vyeo: kabila, mahali mtu atokako, dini, jinsia, ujauzito, ulemavu, umri na mengineyo. Kijiji kimoja na bosi, peke yake, ni umbea. Ila ukionyesha kwamba kanuni za utumishi za ofisi yenu zinataka nafasi itangazwe, na wanaopanda ni wa upande mmoja tu, mwajiri ndiye atakayetakiwa kuthibitisha kwamba hakubagua.

Kwenye alama ndipo maafisa mikopo wengi wanapoumizwa. Tuseme ulikuwa na mikopo ya milioni 200, iliyochelewa zaidi ya siku 30 ikiwa milioni 6, yaani asilimia 3. Ukarithi milioni 50, kati yake 20 zimeshachelewa. Sasa una 26 kati ya 250, zaidi ya asilimia 10, na hujakosea popote. Bila hati ya makabidhiano, mfumo unakuhesabia zote. Andika barua pepe leo: tarehe uliyopokea, salio, kiasi kilichokuwa kimechelewa siku hiyo, na ombi kwamba alama zikokotolewe kwa mafungu mawili, mikopo yako na uliyorithi. Nakala iende rasilimali watu makao makuu. Taja jumla tu. Majina ya wateja yakikutwa kwenye simu yako, mshtakiwa utakuwa wewe.

Lalamiko la cheo liwe ukurasa mmoja. Mwache aliyepandishwa, hoji vigezo na usaili. Na usilale kwa sababu umeambiwa "tunalifanyia kazi": mgogoro usiohusu kuachishwa kazi hufikishwa Tume ya Usuluhishi na Uamuzi ndani ya siku 60 tangu ulipotokea. Unajaza fomu ya Tume ya kufungulia mgogoro, CMA F1, unampa mwajiri nakala, ndipo unaisajili. Ukichelewa, unaomba kuongezewa muda kwa sababu nzito. Kama mna tawi la chama cha wafanyakazi, TUICO au FIBUCA, mwakilishi aingie mapema.

Vikao vya jioni navyo vina hesabu yake. Kwa asiye meneja, kikomo ni saa 45 kwa wiki na 9 kwa siku. Zinazozidi ni kwa makubaliano, si zaidi ya 50 katika wiki nne, na hulipwa mara moja na nusu. Andika saa ya kuingia na kutoka kila siku. Matusi ya kwenye kundi yahifadhi yakiwa na tarehe.

Hali ikishindikana kabisa, kuacha kwa sababu mwajiri amefanya kazi isivumilike huhesabika kama kuachishwa. Utaulizwa kwanza ulilalamika wapi, kwa maandishi gani, na hapo muda wa kwenda Tume ni siku 30, si 60.